Yasna na Mbwa wa Makaburini

Siku Yasna Barrientos alipomnyang'anya mwamuzi mkuu kipaza sauti, mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya empanada, zile sambusa zetu za nyama, na nilisikia kila neno. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba alikuwa amelewa, au kwamba alichanganyikiwa kwa sababu ya umri. Hapa Puerto Montt, kusini mwa Chile, watu wanapenda kusimulia wasiyoyaona. Yasna hakulewa. Alikuwa na hasira tu, na hasira yake siku ile ilikuwa na akili timamu kuliko utulivu wa wote waliokaa meza kuu.

Yasna ni fundi wa meno bandia. Madaktari wa mjini humletea vinywa vya wagonjwa vilivyonakiliwa kwa plasta, yeye anakaa dirishani na tupa yake ndogo, anachonga jino hadi likae sawasawa na jirani yake. Kazi hiyo imemfanya awe mtu wa kuangalia mahali vitu viwili vinapogusana. Aliwahi kuwa na mume, akaenda kufanya kazi kusini zaidi, Punta Arenas, asirudi. Ukimuuliza Yasna kisa ni nini, atakwambia: "Yule hakuwahi kumaliza sentensi hata moja. Nilikuwa nasubiri kitenzi miaka tisa."

Aliingia dukani kwangu mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Nauza nyuzi, vifungo, vitu vya shule, na kadi za Falme za Ukungu, ule mchezo ambao watu wazima wenye watoto wao huucheza kwenye meza yangu ya nyuma tangu mchana hadi nifunge. Kila mtu ana kadi zake alizokusanya mwenyewe, anazichanga, anazitoa moja moja, na kila kadi ina maandishi yanayosema inafanya nini. Lengo ni kummaliza mwenzako uhai. Siku hiyo wanaume wawili walikuwa karibu kushikana mashati juu ya kadi moja. Yasna, maji yakimchuruzika, aliomba aione. Akaisoma kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho.

"Imeandikwa 'kila adui,'" akasema. "Haikuandikwa 'kila adui unayemtaka.' Nani kati yenu hajui kusoma?"

Wakakaa chini. Tangu hapo wakawa wanamngoja.

Yeye mwenyewe anacheza vibaya sana, nasema kweli, hata mimi nimeshamfunga. Alichopenda ni kingine. Kadi za mchezo ule ni maelfu. Ziliandikwa na watu waliokaa vyumba tofauti, miaka tofauti, nchi ya mbali. Halafu siku moja kadi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzifikiria pamoja zinakutana mezani kwangu, kila moja inatoa amri yake, na amri hazipatani. Hapo ndipo Yasna anapovuta kiti. Alisoma kitabu cha kanuni mara nyingi kuliko padri wetu anavyosoma misale, akafanya mtihani wa kampuni inayochapa kadi, akapewa shati jeusi la uamuzi. Mchezaji akimwambia, "Lakini dada, kwa akili ya kawaida..." alikuwa anamkata hapo hapo: "Akili ya kawaida mpelekee mkeo. Mimi nisomee kadi."

Niwaambie na habari za huyu mwingine, Eleuterio Mansilla, ambaye sote tunamwita Lelo. Lelo anakata samoni kwenye kiwanda cha upande wa Chinquihue, anasimama kwenye baridi siku nzima, vidole vimekuwa vyekundu kama vya mtu aliyeungua. Ni mtu wa kelele. Akishinda anaimba, akishindwa anaimba zaidi. Yeye ndiye aliyegundua lile jambo la Kengele na Mbwa.

Alikuja nalo dukani mchana mmoja, akatandaza kadi mbili mbele ya Yasna kama mtu anayeonyesha picha za mtoto wake mchanga.

"Dada Yasna, niangalizie hii. Kengele ya Mnara: kiumbe chako kinapokufa, mzuka unatokea. Sawa?"

"Sawa."

"Na huyu hapa ni Mbwa wa Makaburini: mzuka unapotokea, Mbwa huula. Sasa tuseme nina zote mbili mezani. Kitu changu kimekufa. Kengele inalia, mzuka unatokea. Mbwa anaula. Mzuka umekufa, si ndiyo? Kengele inalia tena. Mzuka mwingine. Mbwa anaula tena..."

Yasna alishaanza kutabasamu.

"...na tena, na tena, mpaka Yesu arudi," Lelo akamalizia. "Inakuwaje?"

Yasna alichukua kadi zote mbili, akazisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Zilikuwa za Kihispania, kama kadi zetu zote. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyepata kitu kitamu. "Mzunguko usio na mwisho. Na Mbwa hapewi nafasi ya kukataa, imeandikwa 'huula,' basi. Wewe huwezi kuusimamisha, mwenzako hawezi kuusimamisha. Kanuni ni moja: mzunguko usioweza kusimamishwa na yeyote, mchezo unavunjika. Sare."

"Sare!" Lelo akapiga meza, vifungo vyangu vikaruka. "Yaani nikiwa nakaribia kuchinjwa, namwachia mbwa, na hakuna aliyeshindwa!"

"Hakuna aliyeshindwa."

"Shangazi Edelmira, umesikia? Nimepata mbwa wa kunilinda!"

Nilisikia. Wote tulisikia, na jibu lilikuwa sahihi kwa kadi iliyokuwa mezani. Hilo nataka likae wazi kabla sijaendelea.

Mashindano ya mkoa yalikuwa yafanyike Jumamosi kwenye ukumbi wa zimamoto. Mshindi angekwenda fainali za taifa huko Santiago. Jumatano ya wiki hiyo Yasna aliingia dukani bila kofia, nywele zimelowa, uso umebadilika. Akanionyesha simu yake. Mimi sisomi lugha ya watu wa kampuni ile, nikamwambia aniambie.

"Kampuni imetoa masahihisho," akasema. "Kwa lugha yao tu. Kihispania hakuna. Wanasema kadi ya Mbwa ilipotafsiriwa, neno moja lilianguka njiani. Kadi ya asili haisemi 'Mbwa huula.' Inasema 'Mbwa aweza kuula.'"

"Aweza."

"Aweza, shangazi. Maana yake mwenye Mbwa anachagua. Na kama anaweza kuchagua, mzunguko unasimamishika. Na kama unasimamishika, si sare tena. Kanuni inamlazimisha ataje mbwa atakula mara ngapi, kisha aache, mchezo uendelee." Alikuwa anazungumza kwa meno yaliyofungana. "Na maandishi ya asili ndiyo yanayoshinda. Siku zote. Hata kama kadi uliyoinunua, uliyoishika mkononi, inasema kingine. Wamekosea wao, wamesahihisha kwa lugha yao, na wanataka sisi tuyajue kwa kuota ndoto."

Nikamwambia jambo la kwanza lililonijia. "Mpigie Lelo."

Akaitia simu mfukoni. "Nimemwandikia mwamuzi mkuu. Nimemwambia atangaze Jumamosi asubuhi, ukumbi mzima usikie, kabla kadi ya kwanza haijachezwa."

"Vizuri. Na Lelo mpigie."

"Na yule kijana wa Ancud anayekuja kushindana, nimpigie? Na wale wa Osorno, ambao sijui hata majina yao? Mbwa yuko kwenye pakiti za kila mtu. Nikimwambia Lelo peke yake, shangazi, nakuwa mwamuzi wa Lelo."

"Ni rafiki yako!"

"Ndiyo maana."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba kiburi ni kiburi hata ukikivalisha shati jeusi. Akatoka kwenye mvua bila kuaga, nami nikabaki nafuta kaunta iliyokuwa tayari safi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Magari ya zimamoto yalikuwa yametolewa nje, meza zimepangwa mistari, harufu ya makoti mabichi na kahawa. Mwamuzi mkuu alikuja kutoka Santiago, Maximiliano Echenique, mtu wa viatu vizuri na sauti laini, aliyemwita kila mwanamke "mpenzi." Nilikuwa napanga vikombe karibu na meza kuu Yasna alipomwendea.

"Bwana Echenique, yale masahihisho ya Mbwa."

"Nimeyaona, mpenzi. Nitayasema."

Akashika kipaza sauti. Akamshukuru kamanda wa zimamoto. Akamshukuru mwenye kiwanda cha vinywaji, ambaye naye akapewa kipaza sauti na akazungumza juu ya vijana na ndoto mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha Echenique akatazama saa yake, akasema "Raundi ya kwanza, bahati njema," na kadi zikaanza kuchangwa.

Niliona mgongo wa Yasna ukinyooka. Alimfuata pembeni, na safari hii nilisogea makusudi ili nisikie.

"Hukusema."

"Muda, Yasna. Umeona mwenyewe."

"Basi sema sasa. Ni sentensi mbili. Nitazisema mimi."

"Sasa?" Akamwekea mkono begani. "Sasa watu wameshaanza. Ukitangaza katikati, utakuwa unawasaidia wengine na kuwaumiza wengine. Fikiria kama mwamuzi. Haki sasa ni kunyamaza."

Na ubaya wake ni kwamba, mle ndani ya maneno yale ya sumu, kulikuwa na punje ya ukweli, na Yasna aliiona. Mtu mwingine angemtukana, akatangaza, yakaisha. Yeye alisimama pale akiipima ile punje kama anavyopima jino, na alipokwisha kuipima mwenzake alishaondoka.

"Watu wazima hawa," Echenique alisema bila kugeuka. "Watasoma."

Lelo alicheza asubuhi ile kama mtu aliyepakwa mafuta matakatifu. Alishinda mechi zake zote za mwanzo, akamaliza juu ya orodha nzima, akaja kwangu kuchukua empanada akiimba. Nusu fainali ikampa Antonella Riffo, binti wa Temuco, mwanafunzi wa udaktari, mpole, mchezaji hatari. Kila mmoja alishinda mchezo mmoja. Wa tatu ulikuwa wa kuamua, na ilijulikana kwamba ukitoka sare, anapita aliyekuwa juu raundi za asubuhi. Yaani Lelo.

Watu walizunguka meza. Yasna ndiye aliyekuwa mwamuzi wa meza ile. Antonella alimbana Lelo taratibu, kadi baada ya kadi, mpaka ikawa wazi kwamba zamu inayofuata Lelo amekwisha. Lelo hakuonyesha huzuni yoyote. Alikuwa na Kengele mezani tangu mapema. Akachomoa kadi ya mwisho mkononi, akaibusu, akailaza.

"Mbwa wangu," akasema. "Naua mlinzi wangu mwenyewe. Kengele inalia. Mzuka. Mbwa anaula. Kengele inalia. Mzuka. Mbwa anaula. Wenzangu, naona tutalala hapa!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Watu wa duka langu walijua walichokuwa wanaona, walikuwa wamekingoja wiki nyingi. "Sare! Sare! Lelo anaenda Santiago!"

Antonella alisubiri kelele zipungue. Halafu akainua mkono. "Mwamuzi, tafadhali."

Yasna alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, lakini nilimwona akizitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji.

"Mimi pia nina Mbwa kwenye kadi zangu," Antonella akasema, akaitoa na kuiweka mezani. Yake ilikuwa ya lugha ya asili. "Naona haisemi vilevile."

Lelo akacheka. "Ya kwako imesoma chuo kikuu, ya kwangu imesoma Puerto Montt. Dada Yasna, waambie. Wewe mwenyewe uliniambia."

Yasna aliweka kidole juu ya kadi ya Antonella, kisha juu ya kadi ya Lelo. Sauti yake ilitoka kavu.

"Maandishi ya asili yanasema 'aweza.' Kampuni imethibitisha kwamba tafsiri ya Kihispania ilikosewa. Kwa hiyo Mbwa anaweza kuacha. Kanuni inakutaka utaje idadi, Lelo. Mara ngapi anakula, kisha anaacha."

"Unasema nini?"

"Taja idadi."

"Si sare?"

"Si sare."

Lelo aliangalia kadi yake. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, kama vile lile neno lingekuwa limejificha upande mwingine. "Hapa imeandikwa 'huula.' Nimeinunua kwenye pakiti. Imeandikwa 'huula,' dada. Mimi nifanye nini, nimuulize mbwa?"

"Najua ilivyoandikwa."

"Na wamethibitisha lini?"

Angeweza kumjibu chochote. Angeweza kusema "juzi juzi," angeweza kusema "hilo si la mezani." Yasna hajui kufanya hivyo.

"Jumatano."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Lelo alikuwa mwekundu, akawa mweupe. "Ulijua tangu Jumatano," akasema polepole, "na Ijumaa nilikaa na wewe tukanywa chai ya yerba mate kibuyu kimoja, nikakwambia nakuja na mbwa wangu, ukanitazama usoni." Akanyanyua kidole kimoja kilichopasuka. "Mara moja. Andika hivyo. Mbwa ale mara moja, ashibe, na wewe ushibe naye."

Antonella alimaliza mchezo katika zamu iliyofuata. Hakufurahi, maskini. Alinyoosha mkono, na Lelo akaupokea, kwa sababu hakuwa na ugomvi naye. Kisha watu wakaanza. "Msaliti!" alipaza mmoja kutoka nyuma. "Amelipwa na Santiago!" Mtu akamrushia Yasna karatasi iliyoviringishwa, ikamgonga shavuni. Yeye alisimama tu, mikono imeshuka, akiwaangalia. Na Echenique, kule meza kuu, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mgeni aliyekuta familia isiyomhusu inagombana.

Ni huko kutikisa kichwa kulikomchoma. Yasna alimwona. Akavuka ukumbi mzima, watu wakimpisha, akapanda jukwaani, akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Hakukinyakua kwa vurugu. Alivifungua vidole vya yule bwana kimoja baada ya kingine.

"Kaeni chini," akasema. Sauti ilipiga mluzi kwenye spika. "Nimesema kaeni. Uamuzi wangu ni sahihi, na sitaugeuza hata mkinirushia viti. Lakini mtajua mlichofanyiwa. Jumatano nilimwandikia huyu bwana. Asubuhi hii nilimkumbusha. Akaniambia atasema. Akampa muuza soda muda wa kutuhadithia ndoto zake, na ninyi akawanyima sentensi mbili. Nilipomrudia, akaniambia haki ni kunyamaza."

"Yasna, shuka," Echenique akasema.

"Sishuki. Kampuni inachapa kadi kwa lugha yetu ili tuzinunue. Inapokosea, inajisahihisha kwa lugha yake ili tusijue. Halafu kosa lao analilipa mtu anayekata samaki siku nzima, ambaye kosa lake ni kusoma alichokiona kimeandikwa! Na mimi ndiye niliyeshika kisu, kwa sababu nilidhani nafanya kazi na watu wenye haya."

"Unafungiwa. Umesikia? Umefungiwa!"

"Nimesikia, na wewe usikilize, kwa sababu sasa nitasoma masahihisho yote, siyo ya Mbwa tu."

Akayasoma. Alitoa simu yake, akawa anatafsiri palepale, kadi moja baada ya nyingine, mpaka yule kamanda wa zimamoto, kwa kuombwa na Echenique, akazima umeme wa spika. Akaendelea bila spika. Hakuna aliyemrushia kitu tena, lakini pia hakuna aliyempigia makofi. Watu walikuwa hawajui wamkasirikie nani. Lelo alikuwa ameshaondoka, koti lake halikuwepo kwenye msumari.

Walimfungia asiwe mwamuzi mwaka mzima. "Kwa kuvunja heshima ya mashindano," ndivyo alivyosomewa kwenye simu, na mimi nilipomuuliza alijibu nini, akasema aliuliza ni kifungu gani cha kanuni, wakakata.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya dukani kwangu. Mtu aliandika neno chafu kwa chaki kwenye mlango wa karakana yake ya meno. Wachezaji wangu waligawanyika: wengine walisema alipaswa kumwambia rafiki yake, wengine walisema alipaswa kunyamaza na kukiri sare, na wachache tu, tena kwa sauti ya chini, walisema alifanya lililo sawa. Lelo alikuwa anachungulia kwanza dirishani. Akimwona Yasna ndani, anaendelea na safari yake kwenye mvua. Akikuta hayupo, anaingia, ananunua, haimbi. Mimi nilikuwa na hasira na wote wawili, na zaidi nilikuwa na hasira na mtu wa viatu vizuri, ambaye alirudi kwao na kulala usingizi wake.

Yasna aliwaandikia kampuni. Aliandika kwa lugha yao, tena na tena, akitaka jambo moja: kwamba sahihisho lolote la kadi ya Kihispania litolewe kwa Kihispania, siku ileile. Walikaa kimya majira yote ya kupukutika majani. Kisha katikati ya baridi likaja jibu. Kilikuwa kifurushi kidogo, akaja kukifungulia dukani kwa sababu, alisema, hakutaka kukifungua peke yake. Ndani mlikuwa na kadi ya shukrani yenye picha ya joka, inayosema wanathamini mapenzi yake kwa mchezo, na pakiti tano mpya za kadi, bado zimefungwa, za toleo ambalo lilikuwa halijafika hata Santiago.

Duka lilikuwa limejaa siku hiyo, mvua ilikuwa ya upande, na hata Lelo alikuwemo. Nadhani alikuwa ameingia bila kuchungulia kwa sababu ya upepo. Alikuwa amesimama kona ya nyuzi akijifanya anachagua rangi. Watu walijikusanya kuziona zile pakiti. Mtu akasema, "Dada, ndani ya hizo kunaweza kuwa na kadi ya kununulia gari."

Yasna alisoma kadi ya shukrani mara moja. Akaangalia nyuma ya kadi, kama kuna neno zaidi. Hakukuwa na neno. Akaenda kwenye jiko langu la kuni, akafungua kimlango kwa kitambaa, akatia pakiti ya kwanza.

Mtu alipiga yowe. Akatia ya pili. Ile karatasi yao inayong'aa ilijikunja na kutoa moto wa kijani.

"We mwanamke una wazimu!" Huyo alikuwa Lelo. Alikuwa amesharuka kutoka kwenye nyuzi na mkono ameunyoosha nusu ya njia. "Hiyo ya tatu niachie hata niione!"

"Uone nini? Uone neno gani limeanguka?" Akaitia. "Watu wanawaomba sentensi, wao wanatupatia peremende!" Akaitia ya nne. "Wanadhani sisi ni watoto!"

Ya tano akamkabidhi Lelo. Lelo aliishika. Alikuwa mtu anayeipenda kadi mpya kuliko chakula, kila mtu alijua. Akaipima kiganjani, akatukana tusi la kiwandani ambalo siwezi kuliandika, na akaitupa motoni mwenyewe kwa nguvu hata makaa yakaruka sakafuni kwangu.

"Ungeniambia," akasema, akimgeukia. "Ile Jumatano. Ungeniambia tu."

"Na kijana wa Ancud nani angemwambia?"

"Simjali kijana wa Ancud!"

"Najua humjali. Mimi nilikuwa nimevaa shati la kumjali."

"Nilikunywa chai na wewe, Yasna."

"Ulikunywa," akasema, na macho yake yakajaa maji kwa hasira ileile. "Na tangu Ijumaa ile sijanywa na mtu. Hilo nalo liandike kwenye hesabu yako."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba."

Walikuwa wanapigiana kelele uso kwa uso, na mimi nikafagia makaa katikati ya miguu yao. Lakini Lelo hakutoka. Nje kulikuwa na mvua ile, na jiko lilikuwa linawaka vizuri kwa sababu ya zile karatasi. Akavuta kiti.

Mwaka wa Yasna wa kufungiwa ulipokwisha, Echenique hakumpigia. Aliyempigia ni mwanamke wa Valdivia, mwandaaji wa mashindano ya mkoa ya mwaka ule, aliyekuwa amekosa waamuzi. Yasna alimpa sharti moja: masahihisho yote ya mwaka yasomwe kwa Kihispania kabla ya raundi ya kwanza, yote, na ayasome yeye. Yule mwanamke akadhani ni jambo la dakika chache, akakubali.

Nilikwenda naye Valdivia kwa basi, na nusu ya wachezaji wangu walikwenda, Lelo akiwa kiti cha nyuma kabisa na kofia machoni. Yasna alisimama mbele ya ukumbi na shati lake jeusi na rundo la karatasi alizotafsiri mwenyewe, akaanza. Kadi baada ya kadi. Neno lililoandikwa, neno lililopaswa kuandikwa. Mwanzoni watu walisikiliza. Kisha wakaanza kutazama saa, kunong'ona, kukanyaga sakafu. "Maliza, mama!" mtu akapaza. "Tumekuja kucheza, si misa hii!" Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua vizuri, sauti ya kiwandani, ikimjibu yule mtu anyamaze ama atolewe meno, na mwenye kumrudishia yuko pale mbele. Watu wakacheka. Yasna hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, uso wake umekunjamana kama ngumi.

"Mwenye njaa atoke akale," akasema. "Mimi sijafika katikati."

Akalamba kidole, akafunua ukurasa.